Nimepima HPV na shingo ya kizazi hapa Mwanza, nawapa nyota 4 kati ya 5

Nyota 4. Ya tano nimeikata kwa ajili ya dirisha la mapokezi, ntafika huko.

Naandika kwa ajili ya wanawake wa huku kwetu, Kirumba, Igombe, Mabatini, Buhongwa, na nyie wa visiwani mnaokuja mjini na mzigo wa dagaa mnalala usiku mmoja mnarudi, maana tangu nimepima HPV, kile kirusi cha zinaa kinacholeta kansa ya shingo ya kizazi, kila ninayemwambia anauliza yale yale, kunauma? wanakuvua nguo zote? ni nesi wa kike au wa kiume? majibu wanayasema kwa sauti? alafu kuna lile swali ambalo mtu analiuliza kwa kunong'ona, ukikutwa nayo maana yake umetembea sana? Hilo la mwisho ndo limenikalisha chini niandike, mengine ntayajibu njiani.

Kituo ni cha afya cha serikali, wilaya ya Ilemela. Jina naliacha kwa makusudi kwa sababu nina sifa na nina malalamiko, na wahudumu wa chumba kile ni wachache, nikitaja tu mtu wa pale atajua nesi gani nimemsema. Huduma zenyewe haziko pale peke yake, vituo vingi vya serikali vyenye kliniki ya mama na mtoto wanapima shingo ya kizazi, we ulizia kilichopo karibu yako. Mimi kwa vipimo vyote sikutoa hata shilingi.

Sasa wanapima nini. Ni vitu viwili na wengi tunavichanganya. Kuna kile cha siki ambacho kipo miaka mingi, nesi anaiangalia shingo ya kizazi kwa macho yake, anapaka siki iliyopunguzwa makali, anasubiri kama dakika moja hivi, pale penye seli zilizoanza kubadilika panageuka peupe, majibu unapewa hapo hapo kabla hujafunga kanga. Alafu kuna kipimo cha HPV chenyewe, hiki kinatafuta vinasaba vya kirusi, hakijali kama shingo imebadilika au iko salama kabisa, chenyewe kinasema tu kirusi kipo au hakipo. Sampuli inawekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ile ile wanayopimia TB. Kwaio cha pili kinawakamata wengi zaidi, na wasipoelezwa vizuri wanatoka pale wanalia wakati hawana kansa.

Na hapa ndo kituo kimepata nyota zake. Kabla ya kuingia chumbani tulikalishwa kwenye benchi nje, nesi mmoja mtu mzima, mama kabisa, anachanganya Kisukuma na Kiswahili, akatoka hana karatasi wala nini akasema wanangu mwangaluka, nani hapa anajua HPV ni ugonjwa wa wahuni. Kimya. Mama mmoja wa makamo kutoka Magu ndo akasema ukweli, mi nilijua hivo. Nesi akamwambia asante mama kwa kusema, maana wenzako wote wanajua hivo ila wameogopa. Alafu akaanza hesabu.

Akasema ukichukua wanawake 100 dunia nzima ambao shingo zao za kizazi zimepimwa na hazina tatizo lolote, kama 12 hivi utawakuta na HPV. Ukija Afrika hii yetu ya kusini mwa Sahara wanakuwa 24. Ukija Afrika Mashariki wanafika karibu 34. Hizo namba nilienda kuzitafuta mwenyewe baadae, zilichapishwa 2010 na watafiti waliokusanya tafiti za nchi nyingi pamoja, na kweli ndo hizo. Mmoja katika kila watatu jamani, na hao ni wanawake wazima wasio na dalili yoyote, sio wagonjwa. Kwenye lile benchi tulikuwa tisa au kumi hivi, akasema kwaio hapa watatu wanaweza kuwa nayo sasa hivi, tukaanza kuangaliana, mwingine kacheka kwa woga.

Na hiyo ni kwa siku moja ukipima tu. Ukihesabu maisha yote, karibu kila mtu anayefanya mapenzi, mwanamke na mwanaume, hukipata angalau mara moja, wengi hawajui kilikuja lini kikaondoka lini maana mwili unakifukuza wenyewe, kwa wanawake 9 kati ya 10 kinaisha ndani ya miaka miwili bila dawa. Shida ni kwa yule mmoja ambaye kinagoma kutoka. Aina za HPV ziko zaidi ya 200, za hatari ni kama 14, na mbili tu kati ya hizo, namba 16 na namba 18, ndo zinaleta kansa za shingo ya kizazi 7 katika kila 10. Toka kirusi kigome mpaka kiwe kansa huchukua miaka 15 mpaka 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Miaka yote hiyo unaweza kukikamata na kukimaliza! Ila hautasikia kitu, hakuna homa, hakuna maumivu, ukianza kuona damu baada ya tendo au uchafu wenye harufu na mgongo unakata hapo mambo yameshaenda mbali. Mwenzetu mmoja wa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, tulimpeleka hospitali ya Bugando katika hali hiyo na alikuwa na duka, ana wateja, ana watoto shuleni, siku zote anasema hana muda wa kupima. Tanzania kwa makadirio ya 2020 wagonjwa wapya wa kansa hii walikuwa zaidi ya 10,000 kwa mwaka mmoja na waliokufa zaidi ya 6,500. Ndo kansa inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii.

Basi swali la nani yuko kwenye hatari zaidi. Nesi hakulikwepa na mi sitalikwepa, ila lisikilizeni mpaka mwisho. Ndio, idadi ya wapenzi inachangia, hilo hakuna wa kulipinga. Ila inahesabiwa na ya mwenzako. Mwanamke anaweza kuwa na mwanaume mmoja tu toka usichana wake mpaka uzeeni akapata, kwa sababu yule mwanaume kabla yake alikuwa na wengine au anao sasa hivi huko kambini, na wengi wetu huku ziwani tunajua maisha ya kambi, mtu yuko kisiwani miezi, anahama mwalo kufuata samaki, wewe uko Kirumba unapokea hela kwa simu unashukuru. Simlaumu mtu, nasema hatari ya mwanamke haipimwi kwa tabia yake peke yake.

Alafu umri. Walioanza mapema, miaka 15 huko, wako kwenye hatari kubwa maana shingo ya kizazi bado haijakomaa, na kwa jumla wasichana walio chini ya miaka 25 ndo wanakutwa na kirusi kwa wingi kuliko mama zao, japo kwao kinaisha haraka pia. Ndo maana kupima wanaanzia miaka 30, ukimpima binti wa 20 utamtisha bure kwa kitu kitakachoondoka. Mwenye VVU yeye wanamwita mapema, hasubiri 30, na hili nataka wenye kadi za kliniki walisome mara mbili, mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kansa hii mara 6 kuliko asiye navyo, na kama hatumii dawa ile safari ya miaka 15 mpaka 20 inaweza kukatwa ikawa 5 mpaka 10. Ukinywa dawa vizuri kinga inapanda na mwili unapata nguvu ya kupambana nacho. Sigara nayo inachangia, na magonjwa mengine ya zinaa kama klamidia, na kuzaa watoto wengi, na vidonge vya majira ukivitumia miaka zaidi ya 5 hatari inaongezeka kidogo, ila nesi akasisitiza msiende kuacha vidonge mkarudi na mimba msizozitaka, njooni mpime, basi.

Kuna jambo moja hakulisema pale benchini nikalikuta kwenye kusoma na limenigusa kwa kuwa limetoka hapa hapa Mwanza. Watafiti waliwapima wasichana 474 wa miaka 15 na 16 waliosema hawajawahi kukutana na mwanaume, majibu yakachapishwa 2014, na 40 kati yao walikutwa na HPV, kama asilimia 8. Inawezekana baadhi walificha, wasichana wa umri ule wanaogopa, lakini kitu kilichojitokeza kuhusiana na kukutwa na kirusi ni kujiosha ndani ukeni. Sio nje, ndani, kwa vidole na sabuni. Wangapi tumefundishwa hivo na shangazi na bibi? Mi nimefundishwa. Uke unajisafisha wenyewe, nje maji yanatosha, tuwaambie mabinti hivo toka mapema, na tusimpige binti aliyekutwa na HPV kwa kudhani tumepata ushahidi wa kitu.

Kipimo chenyewe sasa. Cha HPV nilijichukulia mwenyewe, hakuna aliyenishika. Wanakupa kijiti chenye brashi laini mbele, unaingia nyuma ya pazia, unakiingiza taratibu mpaka ukisikia kimegota, unakizungusha, unatoa, unakiweka kwenye kichupa chenye maji maji, umemaliza. Hakiumi kabisa. Kwa wale wanaoona aibu hii ni huduma ya kuwapigia makofi, na kwa kutafuta kirusi sampuli ya kujichukulia inafanya kazi vizuri karibu sawa na ya nesi.

Cha siki ndo unalala kitandani, unavua chini tu, juu unabaki na nguo zako, kanga yako unajifunika mapajani. Kile kifaa cha kufungulia ni cha baridi, sio cha maumivu, kuna kubanwa kidogo ukikaza mwili, nesi akaniambia kohoa mwanangu, nikakohoa, kikapita. Siki ikaleta kamuwasho kadogo. Aliniuliza pia kama nimekulia kwenye mabwawa au majaruba ya mpunga, nikashangaa, kumbe kichocho cha mkojo kinaweza kushambulia mpaka shingo ya kizazi kikaacha mabaka kama mchanga, na mwingine anatibiwa kama mgonjwa wa zinaa miaka wakati ni kichocho. Wenzetu wa Misungwi na Kwimba mlilielewe hilo. Huyu nesi anaijua kazi yake, nasema wazi.

Siki yangu ilikuwa safi. Majibu ya HPV yalikuja baadae na yakaja chanya, moja ya zile aina za hatari, sio 16 wala 18. Naandika hadharani hivi kwa kujua, maana kama mimi mwenye mume na watoto siwezi kuandika nani ataandika. Nilipoitwa nesi hakunipa karatasi akaniacha, alikaa, akavuta kiti chake upande wangu wa meza, akaniambia kirusi unacho, kansa hauna, shingo yako iko salama leo, tunakusubiri tuone mwili utafanya nini na tarehe yako ya kurudi hii hapa kwenye kadi. Nikamuuliza mama, nimekitoa wapi hiki. Akanijibu hakuna kipimo duniani kinachoweza kukwambia, kinaweza kukaa kimya miaka na miaka bila dalili, hakina tarehe, kinaweza kuwa cha kabla hujaolewa, kinaweza kuwa cha mumeo kabla hajakuoa, kwaio usiende kuvunja nyumba kwa karatasi ya maabara. Hayo maneno nilirudi nayo na mume wangu nilimwambia kama nilivoambiwa. Alikaa kimya muda, alafu akauliza yeye anapimwa wapi. Wanaume hawana kipimo cha kawaida cha HPV, ndo jibu nililompa. Wanachoweza ni kondomu, inapunguza japo haizuii yote maana kirusi kinapita hata kwa ngozi kugusana, na tohara. Rakai pale Uganda, upande mwingine wa ziwa letu hili, walifuatilia wanaume na waliotahiriwa walikutwa na zile aina za hatari pungufu kwa kama theluthi, na wake zao nao wakanufaika. Sisi Wasukuma jando halikuwa letu kwa asili, kwaio wenye vijana wa kiume hilo mlifikirie.

Ambaye siki inageuka peupe wengi wanatibiwa siku hiyo hiyo, wanachoma kwa joto lile eneo dogo, ni chini ya dakika moja kwa kila mguso. Jirani yangu wa benchi alichomwa, alitoka akitembea vizuri tu anasema ilikuwa kama tumbo la hedhi. Baada ya hapo unatoa maji maji siku kadhaa na hakuna tendo wiki 4 mpaka 6, na hapo ndo ugumu ulipo kwa wengi kwa sababu lazima umweleze mwanaume. Dada yule alikuwa na wasiwasi na hilo kuliko na kuchomwa. Nesi akamwambia mlete nimwambie mimi.

Haya, malalamiko. Dirisha la mapokezi. Yule kijana wa pale anaita kwa sauti wa kupima kizazi wapite huku, na pale ndo wanaume wanachukua dawa, wanawake wa sokoni wanapita, mawifi wapo. Niliona binti mmoja kaamka kwenye foleni kaondoka zake na mtandio usoni, hakurudi. Huyo binti ndo nyota yangu niliyoikata. Kazi yote nzuri ya yule mama chumbani inaharibiwa na sentensi moja dirishani, na kurekebisha hakuna gharama, wape watu namba basi, au waambie chumba namba fulani inatosha. Pazia la pale pa kujichukulia nalo halifiki ukutani, nilishika kwa mkono mmoja. Na majibu ya HPV, walisema meseji itakuja, haikuja, mpaka nikaenda mwenyewe kuulizia wakayakuta yapo yamekaa wiki kadhaa. Mimi naishi Kirumba nimeweza kwenda. Mwanamke wa kisiwani aliyeacha namba ya simu akarudi zake Ukerewe atajuaje? Kama kirusi cha hatari kimeonekana kwake na karatasi inalala droo, kipimo kimemsaidia nini? Nimeyasema haya kwa mganga wa pale ana kwa ana, alinisikiliza, naandika tena hapa ili yasikike.

Suala la mabinti nalo, maana mle ndani wamama wengi waliuliza. Chanjo ya HPV ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ikatolewa kwa wa miaka 9 mpaka 14, sindano moja tu badala ya mbili. Hiyo sindano moja watu wanaidharau wanasema serikali inabana matumizi. Sikilizeni, wasichana 930 wa hapa Mwanza ndo waliojitolea kwenye utafiti wa kulinganisha sindano moja, mbili na tatu, na miaka miwili baadae karibu wote waliochomwa moja bado walikuwa na kinga ya 16 na 18 kwenye damu. Watoto wetu ndo wameisaidia dunia kujua hilo, na bado kuna mama wa hapa hapa anamficha mwanae siku ya chanjo kwa maneno ya kwamba inaua kizazi. Haiui kizazi. Kinachoua kizazi ni kansa. Wangu wa kwanza kashachanjwa shuleni, wa pili akifikisha miaka 9 ntampeleka mwenyewe.

Wanaokwenda wiki hii: usiende ukiwa kwenye siku zako, siki haiwezi kusomeka vizuri. Siku mbili kabla usikutane na mwanaume na usiweke dawa yoyote ukeni. Beba kanga na pedi moja. Fika mapema, saa moja na nusu asubuhi foleni bado fupi, na mwambie wa dirishani unataka kliniki ya mama na mtoto, hayo mengine utayasema ndani. Acha namba mbili za simu, yako na ya mtu unayemwamini aliye mjini, na kama meseji haijaingia ndani ya wiki mbili tatu nenda au tuma mtu na kadi yako waangalie droo.